Damu Kwanza, Kidonge Baadaye

Nimewatoa damu watu wa Changamwe kwa muda mrefu, kiasi kwamba wengi wao nawajua kwa mikono kuliko kwa nyuso. Mtu ananisalimia sokoni Magongo, "Shikamoo Sista Sidi," nami kabla sijaitikia marahaba macho yangu yameshashuka kwenye kiwiko chake. Nikiuona mshipa, jina linakuja. Mimi si sista wala sikuwahi kuwa muuguzi, ni mtu wa maabara, lakini huku kwetu mwanamke akivaa koti jeupe huitwa sista na mwanamume huitwa daktari, hata awe mpiga deki. Nilibishana na jambo hilo mwaka wangu wa kwanza, kisha nikaacha.

Sasa nimestaafu, na vijana niliowaacha kazini wameniomba niwaandikie yale ambayo hawakufundishwa chuoni. Nimekubali, ila habari za vyeo sitaandika. Vingine vilinifikia, vingine vilipita mlangoni pangu vikaenda kwa watu wengine, na damu iliendelea kuwa nyekundu.

Siku ya kwanza nilifika na koti lililopigwa pasi ya makaa na mama yangu kule Rabai. Nikakuta maabara ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara ya malori. Kila lori zito lilipopita kuelekea bandarini Kipevu, vichupa viligongana kwenye rafu, na hadubini ilikuwa imewekewa kipande cha godoro chini yake ili isitikisike. Mkuu wa maabara alikuwa Bwana Mwadime, Mtaita mrefu, mwembamba, aliyezungumza kana kwamba aliogopa maneno yatamwishia kabla ya jioni. Nilitarajia anipe sindano. Akanipa kiti.

"Keti hapo mlangoni," akasema. "Kila anayeingia, muulize ameamka saa ngapi, amekula nini, amemeza nini."

"Halafu niwatoe damu?"

"Halafu uniambie walivyojibu."

Nilikaa mlangoni kwa siku kadhaa nikiwauliza watu wazima kama wamekunywa chai. Ilikuwa kazi ya aibu kwa msichana mwenye cheti kipya. Wengi walijibu hapana. Bwana Mwadime alikuwa akitokeza kichwa, anamtazama mtu huyo mdomoni, kisha anasema kwa upole, "Mama, una punje ya mbaazi hapo." Nikaelewa kwamba watu hawasemi uongo hospitalini kwa ubaya. Wanasema kile wanachodhani sisi tunataka kusikia, kama vile mtoto anavyosema amenawa mikono.

Aliponiruhusu kushika sindano, alinifundisha mambo machache ambayo nimeyafuata hadi siku ya mwisho. Mpira wa kufungia mkono usikae sana, kwa sababu damu iliyobanwa hubadilika. Tafuta mshipa kwa kidole, usiutafute kwa macho, maana mishipa minene inayoonekana mara nyingi hukimbia. Andika jina kwenye kichupa mgonjwa angali amekaa mbele yako, kwa sababu akishainuka atakuja mwingine anayeitwa Kazungu vilevile. Changamwe ina akina Kazungu wengi. Na kama mtu anatumia dawa ya kila siku, andika ameimeza saa ngapi, au kama hajaimeza.

Hilo la mwisho ndilo vijana hupenda kuliruka, kwa hiyo nitakaa hapo.

Miaka ile ya mwanzo, vipimo vya tezi ya shingo hatukuvifanya wenyewe. Tulitoa damu, tukaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu, tukayatia kwenye kisanduku chenye barafu, na pikipiki ikayapeleka kisiwani Mombasa. Majibu yalirudi yalipopenda. Baadaye tulipata mashine yetu, nyeupe, kubwa kama friji iliyolazwa, na feni mbili zikahamishwa kutoka vyumba vya wagonjwa ili mashine isipate joto. Wagonjwa walilalamika. Mashine haikulalamika, kwa hiyo feni zilibaki.

Wagonjwa wa tezi ni wavumilivu kuliko wote, labda kwa sababu ugonjwa wenyewe, dawa isipotosha, humpunguza mtu mwendo. Kuna wale wa rovu, ambao shingo imevimba, na kuna wale waliopasuliwa rovu likaondolewa pamoja na tezi yenyewe. Hawa wa pili humeza kidonge kila siku maisha yao yote, kwa kuwa kile kidonge ndicho tezi yao sasa. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu asubiri nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Maziwa hukipinga. Vidonge vya kuongeza damu hukipinga zaidi, na dawa za kiungulia pia, kwa hiyo hivyo vipewe nafasi ya saa kadhaa. Waislamu wakati wa Ramadhani nilikuwa nawarudisha kwa daktari wapangiwe saa, wengine wakawekwa kabla ya daku, wengine wakati wa kulala. Kidonge hakina dini, kinachotaka ni tumbo tupu na saa ileile kila siku.

Siku ya kupimwa, damu hutangulia na kidonge hufuata. Ukikimeza kwanza, ile homoni iliyomo hupanda kwenye damu kwa saa chache, na mashine itapima kidonge badala ya kumpima mtu. Na daktari akibadilisha kipimo cha dawa, ngojeni wiki kama sita kabla ya kupima tena, kwa sababu mwili hauna haraka hata kama bosi wa mgonjwa anayo.

Hayo mnayajua. Sasa nitawaeleza kwa nini niliendelea kuuliza hata nilipokuwa nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Bwana Kazungu, huyu ninayemzungumzia na si wale wengine, alikuwa akiendesha mashine kubwa ya kupanga makontena kule Kipevu. Alikuwa mtu wa Kaloleni, mpana wa mabega, kichwa kimenyolewa kiking'aa, mpole kupita kiasi. Alipasuliwa rovu hospitali kubwa ya kisiwani na tezi yote ikaondolewa. Alirudi kwetu na kovu jembamba shingoni na maagizo ya kidonge cha kila siku. Mkewe, Kadzo, tuliyemwita Mama Neema, alikuwa fundi wa kushona sare za shule na kiongozi wa akina mama kanisani kwao Chaani. Ukisikia kwaya yao kutoka barabarani, sauti unayoisikia kwanza ni yake.

Daktari aliyemshughulikia alikuwa Daktari Nafula, mwanamke kijana kutoka Bungoma, aliyekuwa akila karanga huku akisoma majibu. Alikuwa hodari. Majibu ya kwanza ya Kazungu yalimfanya aache karanga.

Kwenye karatasi ya tezi kuna namba mbili za kutazama. Moja ni homoni yenyewe, ile iliyo kwenye kidonge. Nyingine ni ile inayotumwa kutoka kichwani kuiambia tezi ifanye kazi, ambayo tunaiandika TSH. Homoni ikipungua mwilini, TSH hupanda, kama mtu anayeita na haitikiwi akapaza sauti. Mtu aliyeondolewa tezi naye ni vilevile, kichwa hakina habari kwamba tezi ilishahama, kinaendelea kugonga mlango. Akimeza kidonge vizuri, kichwa hutulia. Sasa damu ya Kazungu ilikuwa na homoni ya kutosha, hata ya kuzidi kidogo, na papo hapo TSH ilikuwa juu kabisa. Ni kama kumwona mtu ameshiba na bado analia njaa.

"Mashine imekosea?" Daktari Nafula akaniuliza.

"Nimerudia. Imesema vilevile."

Akafikiri, kisha akatabasamu kidogo. "Basi mwite mzee."

Kazungu akaja, akaketi polepole. Uso ulikuwa umejaa maji, sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mzee Kazungu," daktari akasema, "hizi dawa ulianza kumeza lini?"

"Tangu nipasuliwe, daktari."

"Kila siku?"

"Naam."

"Kichwa chako kinasema umeanza majuzi. Homoni ya juzi na jana ninaiona. Ya mwezi uliopita siioni."

Kazungu akainamisha macho. Akatazama mikono yake, akatazama mlango, akanitazama mimi. Nikainuka nitoke, akasema nibaki tu, mimi ni mtu wa nyumbani. Ndipo akaeleza.

Aliporudi kutoka kisiwani, mkewe alisimama kanisani Jumapili akashuhudia. Alisimulia lile rovu lilivyokuwa, walivyokesha wakiomba, na jinsi Bwana alivyomponya mumewe akawa mzima, hata dawa hahitaji. Kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akamwita Kazungu mbele, akamwinulia mkono kama bondia aliyeshinda.

"Sasa daktari," Kazungu akasema, "nitamezaje kidonge mbele yake? Nitamfanya mwongo nyumbani kwake mwenyewe."

Kwa hiyo hakuwa akimeza. Ila siku chache kabla ya kuja kwetu alikuwa akila vidonge vingi kwa pamoja, ili damu ionekane vizuri na sisi tusihuzunike. Wakati huohuo alikuwa akisinzia juu ya mashine inayobeba kontena. Alikiri kwamba mara moja alizinduka likiwa limening'inia juu ya lori, na dereva wa lori akipiga honi kama arusi.

Daktari Nafula hakumgombeza. Alimweleza kwa maneno mafupi kwamba bila kidonge angezidi kulala, na siku moja asingeamka, au asingeamka mtu aliye chini ya kontena. Kisha wakatafuta njia. Nyumbani hawezi kumeza. Chai ya alfajiri hawezi kuikataa, kwa sababu mkewe humsimamia mpaka aimalize. Wakakubaliana aiweke dawa kazini, kwenye kabati lake la nguo, aimeze kwa maji katikati ya asubuhi, chai ikishashuka, muda mzuri kabla ya chakula cha mchana. Si utaratibu wa vitabuni, lakini daktari alisema utaratibu wa wastani unaofuatwa kila siku unamfaa kuliko mzuri unaofuatwa wiki ya kupimwa. Na siku ya damu, aje bila kumeza.

"Na mkeo utamwambia lini?" nikamuuliza tukitoka.

"Taratibu, dada Sidi."

Taratibu, kwa Kazungu, ni neno linaloweza kuchukua mwaka.

Aliporudi baada ya wiki zile, nilidhani amemtuma ndugu yake. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limelowa mgongoni asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, na nilipomfunga mpira mkono wake ulitetemeka mpaka ikabidi niushike kwa mkono wangu mwingine. Nikamuuliza kama amemeza kidonge. Akasema hajameza, anakingoja, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa nacho mfukoni kimefungwa kwenye kitambaa.

Safari hii TSH ilikuwa haipo. Kichwa kilikuwa kimenyamaza kabisa, kama nyumba ambayo kila mtu amesafiri. Homoni ilikuwa juu. Daktari Nafula akapunguza kipimo cha dawa. Wiki zikapita, tukapima, ikawa mbaya zaidi. Akapunguza tena, kidogo tu kibaki. Haikusaidia. Hapo karanga ziliachwa kabisa.

"Mtu hana tezi," akasema akizunguka chumbani. "Nampa dawa ya kumtosha paka. Homoni inatoka wapi?"

Nilirudia kipimo. Nilitoa damu upya kwenye mkono mwingine, ingawa damu ya mkono wa kulia na wa kushoto ni ileile, nakiri, lakini tulikuwa tumefika hapo. Kuna vitamini za nywele na kucha ambazo huichanganya mashine na kuifanya itoe majibu ya uongo ya namna hiyohiyo, kwa hiyo ilinibidi nimuulize.

"Bwana Kazungu, unatumia vitamini za kukuza nywele?"

Akapapasa kichwa chake, ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja. Akafikiri kwa uaminifu.

"Sidhani," akasema.

Kazini mambo yalikuwa yameharibika. Kwanza alikuwa akisinzia, sasa alikuwa na pupa. Mkono ulimruka kwenye usukani, akaligonga kontena kwa kontena, na karani aliyekuwa chini akaanguka akikimbia. Hakuumia, lakini msimamizi alimwondoa Kazungu kwenye mashine siku hiyohiyo. Akaambiwa akae nyumbani mpaka daktari aandike kwamba yuko sawa, na kama haitaandikwa, basi. Mtu aliyeendesha zile mashine tangu ujana akawa anakaa barazani akisikiliza honi za Kipevu, moyo ukimdunda, akitazama mikono yake. Usiku halali. Aliniambia anaamini anakufa, na linalomuuma ni kwamba kanisa litasema imani yake ilikuwa ndogo.

Daktari Nafula akaamua kumpeleka kisiwani, kwa daktari bingwa, lakini akataka damu moja zaidi aende nayo.

Asubuhi hiyo Kazungu alikuja na mkewe. Mama Neema hakuwa amewahi kukanyaga maabara yetu. Alijua mumewe huja kuchunguzwa kidonda cha upasuaji, ndivyo alivyoambiwa. Lakini sasa mume yuko nyumbani mchana kutwa anatetemeka, na alikuwa amekataa kuachwa. Alivaa kitenge kizuri na kushika mkoba kwa mikono miwili. Tukasalimiana vizuri, ya nyumbani na ya watoto. Nikamkalisha Kazungu, nikamfunga mpira, nikapata mshipa, nikauliza kama ninavyouliza watu wote.

"Umekula nini leo?"

"Chai tu, dada. Na hamri moja."

"Kidonge umemeza?"

Kazungu akaganda. Alikuwa amesahau kwamba mkewe yuko nyuma yake, na mimi, nikiwa na sindano mkononi, nilikuwa nimesahau kwamba hilo neno halitakiwi kutajwa mbele yake.

"Sijameza," akasema polepole, bila kugeuka.

"Basi sawa," nikasema, "maana damu ikitolewa baada ya kidonge, majibu hayafai."

Nikaingiza sindano. Damu ikaanza kujaa kwenye kichupa. Nyuma yake mkoba ukadondoka.

"Amemeza," Mama Neema akasema.

Nikainua macho. "Nani amemeza, mama?"

"Yeye. Amemeza. Hajui."

Nikaitoa sindano, nikambania pamba kwenye mkono, nikamwambia akunje. Kuna mambo ambayo hutakiwi kuyasikiliza ukiwa na sindano kwenye mshipa wa mtu. Kazungu alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye kiti.

"Kadzo, umesema nini?"

Mama Neema hakulia. Aliongea amesimama wima, kama yuko mbele ya kwaya.

"Ulikuwa unalala na kijiko mdomoni, Baba Neema. Unalala ukiongea na watoto. Nikaikuta ile chupa yako ya kwanza juu ya kabati, imejaa vumbi, nikajua umeacha dawa. Nikasema, ameacha kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyesema mbele ya watu kwamba hahitaji, na yeye akaamini. Nitamwambiaje sasa ameze? Nikasaga kimoja nikatia kwenye chai. Ukawa unaamka kidogo. Zilipokwisha nikapeleka chupa duka la dawa, wakanipa nyingine."

"Kila siku?"

"Kila alfajiri. Ndiyo maana nakusimamia unywe yote." Akainama kuokota mkoba. "Halafu ukaanza kukonda. Nikasema ugonjwa unarudi. Nikaongeza viwe viwili."

Kazungu akatia mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa, akakifungua kwenye kiganja. Kidonge kilikuwa hapo, kidogo, cheupe.

"Mimi nilikuwa nameza vyangu kazini, na sasa barazani kwa siri," akasema. "Tangu mwaka jana."

"Kwa nini kazini?"

"Ili nisikuaibishe."

"Lakini ulipiga makofi! Nilipokuwa nashuhudia, nilikuona. Ulipiga kuliko wote!"

"Kadzo, watu wote walikuwa wananitazama."

Nilitoka kumwita Daktari Nafula. Nilitembea polepole, kwa sababu niliona wale wawili wanahitaji dakika zao, na pia kwa sababu nilikuwa nacheka na sikutaka wagonjwa kwenye benchi wanione. Tuliporudi tuliwakuta wameketi pamoja kwenye kiti kimoja cha kutolea damu, ambacho hakikutengenezwa kwa watu wawili, hasa hawa. Mama Neema ndiye sasa aliyekuwa akilia. Alikuwa ameelewa kwamba chai yake ndiyo iliyomtetemesha mumewe, na kwamba kuongeza kidonge kungeweza kuusimamisha moyo wake.

Daktari akasikiliza yote. Akaketi. Akahesabu kwa vidole vile vya kabatini na vile vya kwenye chai, akatikisa kichwa.

"Na maziwa ndani yake," akasema. "Hayo maziwa yamekuokoa, mzee. Yamezuia nusu ya mapenzi ya mama."

Kisha akawapa maagizo, na yalikuwa mafupi. Chai irudi kuwa chai. Kwa siku kadhaa asimeze kidonge chochote cha tezi, apewe dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kisha aanze kidonge kimoja tu. Kimezwe nyumbani, alfajiri, kwa maji, mkewe akimwona, na chai ije baadaye. Damu ile niliyotoa tuliimwaga.

Kumngoja mtu atulie ni kazi ngumu kuliko kumtibu. Wiki zile Kazungu alipita maabara mara kwa mara kuuliza kama tunaweza kupima mapema, na mara zote nilimwambia hapana. Msimamizi wake alimpigia simu, naye akajibu kwamba anasubiri kichwa chake kipate habari, jambo ambalo nadhani halikumsaidia. Siku ilipofika walikuja wote wawili, kidonge kimefungwa kitambaani, na safari hii alikishika mke. Nilitoa damu, Kazungu akameza mbele yetu, mke akamtazama koo likipanda na kushuka. Mchana majibu yakatoka, namba zote mbili mahali pake. Daktari Nafula aliandika ile barua ya kazini kwa mkono wake, kisha akanunua karanga.

Kazungu akarudi Kipevu. Kwanza walimweka kwenye mashine ndogo, baadaye wakamrudishia ile kubwa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini Mama Neema hakuishia hapo. Jumapili iliyofuata aliomba nafasi kanisani. Sikuwepo, mimi husali kwingine, ila nimeisikia habari hiyo kutoka kwa watu wengi na haijatofautiana. Alisema kwamba mara ya kwanza alishuhudia nusu. Bwana alimponya mumewe, ndiyo, kwa kisu cha daktari na kwa kidonge cha kila alfajiri, na yeye alimtaja Bwana peke yake kwa sababu ilipendeza zaidi kusikika. Akaeleza na habari ya chai, yote, hata ile ya kuongeza. Wanasema makofi yalikuwa machache na kwaya iliimba wimbo uliofuata kwa sauti ya chini.

Jumatatu asubuhi nilifungua maabara nikakuta benchi limejaa. Akina mama wa kwaya, karibu wote. Mmoja alitoa chupa ya dawa ya presha kutoka ndani ya kilemba. Mwingine alikuwa na vidonge vya sukari kwenye mfuko wa Biblia, alivyokuwa akivimeza chooni. Mwingine alikuwa na rovu lake mwenyewe chini ya skafu, na nilikuwa nimemwona kwa miaka akivaa skafu kwenye joto la Mombasa bila mimi kujiuliza. Mama Neema alikuwa amekaa mwanzo wa foleni. Hakuwa na la kupimwa. Alikuwa akimwuliza kila anayefika amekula nini na amemeza nini, na akina mama walimjibu ukweli, jambo ambalo mimi na Bwana Mwadime hatukulifanikisha kwa miaka yetu yote.

Karibu na saa nne, foleni ikiwa imepungua, mchungaji akaingia. Alikuwa amevaa miwani ya jua. Akasogea ukutani, akajifanya anasoma tangazo la chanjo ya watoto. Mama Neema akajisogeza kwenye benchi, akampigapigia nafasi kwa kiganja.

"Karibu ukae, Mchungaji. Leo umemeza dawa?"

"Mama Neema," mchungaji akanong'ona, "tafadhali, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini, baba? Hapa sote tumeponywa."